Kapita Maliro na Klabu ya Magunia

Hadi leo wapo watu Butembo watakaokuambia kwamba klabu ya raga ya Magunia ilikufa kwa uvivu. Wengine watasema ilirogwa na watu wa Beni. Wale waliosoma kidogo watakunja uso na kusema kwamba hapakuwa na uongozi wala mipango. Wote hao wanaongea mambo wasiyoyajua, na kama Maliro angekuwa mtu wa maneno angewajibu mwenyewe. Lakini Maliro ni mtu wa mabega, si wa mdomo. Basi tumsemee sisi.

Alizaliwa upande wa Kirumba, kwa wakulima wa viazi na maharagwe. Alifika Butembo akiwa na miaka kumi na minane, ameketi juu ya gunia ndani ya lori, na nauli yake aliilipa kwa kulishusha gunia lile na mengine themanini. Mama Mariette, mwenye depo ya maharagwe, alikuwa amesimama mlangoni na kitenge chake kiunoni. Alimtazama akishusha, hakumsifu, akamwambia arudi kesho. Maliro akarudi kesho, akarudi keshokutwa, na miaka ishirini na moja ikapita. Habari hii inapoanza alikuwa na miaka thelathini na tisa, mke, watoto watano, shingo isiyoingia katika kola ya shati lolote la mitumba, na cheo cha kapita, maana yake msimamizi, juu ya wapakiaji ishirini.

Depo ile ilikuwa na sheria moja iliyoheshimiwa kuliko amri kumi za Mungu. Gunia likishatoka kwenye lori haligusi ardhi mpaka limefika ndani, juu ya mbao. Mtu akiliangusha njiani, hata kama ameteleza matopeni, hata kama goti limemgeuka, jioni anawanunulia wenzake kasiksi, na wenzake wanamtungia wimbo na kuuimba mpaka pombe hiyo ya ndizi iishe mtungini. Maliro mwenyewe aliangusha gunia mara moja tu maishani, na wimbo wake aliukumbuka neno kwa neno. Haukuwa wimbo wa kuimbwa mbele ya padri.

Kisha vita ikaja, na ilipokwisha kuja ikagawanyika. Waasi wakagombana na waasi. Hawa wakashika Goma, hawa wakashika Beni na Butembo, na mstari wa mapigano ukalala katikati ya barabara ya kusini, kule upande wa Kayna. Mwaka 2001 malori ya maharagwe yakawa haba, halafu hayakuja kabisa. Wapakiaji wakabaki wameketi juu ya mbao za depo, mikono mapajani, wakiitazama barabara tangu asubuhi hadi jioni.

Asiyewahi kumwona mpakiaji aliyekosa mzigo hajui ubaya wa jambo hilo. Mwili wake umezoea kuchoka, na usipochoshwa unatafuta wa kuuchosha. Na miaka ile watafutaji walikuwa tele. Kila kilima kilikuwa na kundi lake lenye bunduki, wengine wakiwa na dawa ya kugeuza risasi kuwa maji, na wote walihitaji migongo. Wa kwanza kwenda alikuwa Paulin, mcheshi wao, baba wa mtoto wa miezi minne. Aliondoka Jumatatu bila kuaga. Wiki ya tatu wanaume wanne walimrudisha juu ya machela, amefunikwa shuka.

Kilioni, Mama Paulin hakulia. Alimkazia macho Maliro, akamwambia mbele ya watu wote, "Kapita, nilikupatia mutoto. Ulikuwa wapi?"

Maliro alisimama, kofia mkononi. Akasema la kwanza lililomjia. "Mama, huyu alinipita. Lakini hawa kumi na tisa benye banabakia, hakuna mwenye atanipita tena. Siku barabara itafunguka, utabaona bote, na miguu yao."

Njiani kurudi nyumbani mkewe, Adèle, alivumilia mpaka wakafika mtoni. Hapo akashindwa kujizuia, akamwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza. "Papa Séphora, umeahidi kitu yenye hata Mungu anaogopa kuahidi. Utabafunga kamba?"

"Sijui."

"Basi ujue mbiyo."

Alijaribu yote. Aliwapeleka kuzibua mitaro ya parokia bila malipo. Aliwafagilisha depo iliyokwisha fagiliwa. Mkaa bure si sawa na mtembea bure, ndivyo alivyojiambia, lakini baada ya miezi miwili hakukuwa na mtaro wala uchafu uliobaki upande ule wa mji, na wanaume wawili walishaanza kunong'ona kando.

Ndipo akaja Asumani. Huyu alikuwa mtoto wa familia ya Waislamu wa Beni, watu wa usafirishaji, baba na ami zake wote wenye malori. Alisomeshwa Kampala, na badala ya kurudi na biashara tu alirudi na raga, ule mpira wa kukimbizwa mikononi na kuangushana. Beni alikwisha kuunda timu ya madereva na mafundi wa gereji, akaiita Semuliki. Alichokosa ni watu wa kucheza nao. Asubuhi moja alisimamisha gari mbele ya depo ya Mama Mariette, akawaona wanaume kumi na tisa wamepangwa juu ya mbao, kila mmoja na kifua chake, na roho yake ikamwenda mbio.

"Kapita, hawa batu bako banafanya nini?"

"Banangoya."

"Banangoya nini?"

"Barabara."

Asumani akafungua mlango wa gari, akatoa mpira wenye umbo la papai, akamrushia Zorobabel. Huyu Zorobabel ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wote, mtu wa kubeba magunia mawili kwa mara moja na kuomba la tatu kwa mzaha. Aliudaka mpira na papo hapo, bila kufikiri, akauweka begani. Wenzake wakaangua kicheko, cha kwanza tangu azikwe Paulin. Asumani akaeleza mchezo: watu kumi na tano, dakika themanini, kusukumana wanane kwa wanane, kukimbia, kuangushana chini.

Maliro aliuliza swali moja tu. "Inachokesha?"

"Sana, mzee. Utalala kama maiti."

"Tuachie hiyo ballon."

Walichezea nyuma ya parokia, kwenye mteremko. Usiulize kwa nini mteremko. Butembo tambarare wameificha wapi? Nguzo za goli zilikuwa mikaratusi minne. Mpira ukitoroka chini ulikimbizwa hadi shambani kwa watu, na ukirudi ulirudi na matusi ya mwenye shamba. Adèle aliwashonea fulana kutoka magunia ya unga, yale ya kitambaa cheupe, nazo zilikuwa zikiwasha shingoni hata wakawa wanajikuna kama mbuzi. Mji ukawaita Bana-Magunia. Walikasirika siku mbili, siku ya tatu wakaona jina linawafaa.

Kila asubuhi saa moja Maliro alisimama juu ya jiwe akaita majina kumi na tisa. Kila jina liliitikiwa kabla mpira haujaguswa. Na mara nyingi, kando ya uwanja, alisimama Mama Paulin na jembe begani akielekea shambani. Hakutazama mchezo. Alihesabu vichwa, akishamaliza akaenda zake bila kusalimu. Maliro alipomwona aliwakimbiza watu wake mara mbili zaidi.

Adèle alikuwa hamwachi mumewe apumue. "Batoto batano, magoti mabovu, na ungali unajitupa chini kama mutoto wa kwanza primaire," alimwambia akimkanda mgongo kwa mafuta ya mawese yaliyopashwa moto. "Siku moja utaachia kichwa kule, nikuzike bila kichwa." Lakini fulana yake alikuwa akiifua ya kwanza, na aliianika mbele ya nyumba, mahali wapita njia walipoweza kuiona.

Mechi ya kwanza iliwekwa Beni, katikati ya mwaka 2002. Asumani alituma lori tupu la ami yake, na Magunia wakasimama nyuma wakiimba tangu walipotoka mjini. Nusu ya njia walikuta kizuizi, mti umelazwa juu ya mawe mawili, na askari saba. Nyimbo zikanyamaza. Kamanda wao alikuwa kijana mwenye miwani myeusi na kidole kisichotulia. Akawashusha wote.

"Bino banani?" aliuliza kwa Kilingala cha jeshini. Ninyi akina nani?

"Tuko équipe ya rugby, chef," alijibu Maliro.

"Équipe ya nini?"

Maliro akampa mpira. Kamanda akaugeuza huku na huku, akautikisa sikioni, akausukuma ardhini kwa mguu na kuuona unakwenda kombo. "Hii ballon iko mugonjwa," alisema, na askari wake wakacheka. Halafu akaacha kucheka. Alipita mbele ya wale wanaume polepole, akitazama mabega, na alipofika kwa Zorobabel akasimama. "Papa, banaume ya hivi unabapeleka kucheza? Siye tunakosa batu. Niachie bane. Huyu wa kwanza."

Maliro alipiga hesabu: wanne kutoka kumi na tisa. Akilini alimwona Mama Paulin amesimama kando ya uwanja na jembe lake, anahesabu, anafika kumi na tano, anarudia. Hakuwa mtu wa kusema uongo, na siku ile hakuusema, aliuzunguka tu.

"Chef," alisema, "équipe inaombaka batu kumi na tano mu uwanja na bengine bachache ya kubadilisha. Nikikuachia bane, match hakuna. Na ku Beni mukubwa wako amealikwa. Kiti yake iko mbele kabisa. Akiuliza nani aliharibu match yake, nitajibu nini? Nipatie jina yako, nitamupelekea."

Kamanda alimtazama. Maliro naye akamtazama. Palikuwa na nzi mmoja tu aliyekuwa na ujasiri wa kufanya kelele. Mwishowe kijana akamrudishia mpira kwa kumtupia kifuani.

"Mukishindwa, musipite hapa," alisema, na mti ukanyanyuliwa.

Kiti cha mkubwa wa Beni kilikuwepo kweli, mbele kabisa, na kilikaa kitupu tangu mwanzo wa mechi hadi mwisho wake. Alikuwa amealikwa, hilo halikuwa uongo. Kwamba angekuja, Maliro hakuwa amelisema.

Sasa mechi yenyewe. Kwa nguvu, Semuliki hawakufua dafu. Wanane wa Magunia walipoinama na kusukuma, madereva wa Beni walirudi nyuma kama milango. Lakini raga ina sheria: mtu akiangushwa na mpira, aachilie mpira palepale, ili walio wima waugombanie. Na hapo Magunia waliumia. Walikuwa wakianguka na mpira, wanaukumbatia. Wanavutwa miguu, wanaukumbatia. Mwamuzi, mwalimu mmoja aliyetoka Kasese, alipiga filimbi mpaka mate yakamkauka. Kila filimbi ilikuwa adhabu, na kila adhabu Asumani alipiga mpira katikati ya nguzo, pointi tatu. Mara sita. Mapumziko yalipofika, repos kwa lugha yao, ilikuwa kumi na nane kwa bila, na hakuna mtu wa Beni aliyekuwa amewashinda kwa mbio wala kwa mabavu.

Maliro aliwakusanya akitokwa na moshi wa hasira. "Juu ya nini hamuachilie? Mwalimu anasema achilia, muachilie! Muko na masikio ya nini?"

Wakainamisha vichwa. Zorobabel ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo iliyomshangaza kila mtu, maana kifua kile hakikuwa na kawaida ya sauti ndogo. "Kapita, weye njo ulitufundisha. Muzigo hapana gusa chini mbele ya kufika."

Kweli tupu. Miaka yote ile Maliro alikuwa amewatia aibu watu wazima kwa gunia lililogusa tope, leo anawalaumu kwa kumsikiliza! Alitamani kucheka na alitamani kulia. Akachuchumaa katikati yao, akachora mstari kwenye vumbi kwa kidole.

"Musikilize. Hapa hatuna depo kule mwisho. Fasi mutu anaangukia, pale njo depo. Umefika. Weka muzigo chini muzuri, mwenzako anaubeba, anaenda nao mbele. Akianguka naye, amefika. Mumesikia?"

Walisikia. Hakuna maneno ya mwalimu wa Kasese ambayo yangeweza kuwaingia hivyo. Kipindi cha pili Magunia walianguka na kuweka, wakaanguka na kuweka, kila mpira ukitua taratibu kama unawekwa juu ya mbao, na aliyefuata akiuzoa na kusonga hatua tano, hatua kumi, mpaka nyuma ya mstari. Bao moja, pointi tano. La pili. La tatu. Hawakuwa na mtu wa kuupiga mpira katikati ya nguzo kuongeza pointi; kila waliyemjaribu aliupeleka kwa majirani. Bao la nne alilitia Maliro mwenyewe, chini ya rundo la watu, pua yake ikiwa imezama nyasini. Ishirini kwa kumi na nane.

Asumani alimshika mkono, damu ikimtoka mdomoni na meno yote nje kwa furaha. "Mzee, ulibaambia nini ku repos?"

"Nilibaambia depo iko fasi gani," alisema Maliro, akaenda kutafuta maji.

Baada ya siku ile Magunia walipanda kama uji jikoni. Walicheza na Semuliki nyumbani na ugenini, walicheza na wanafunzi, walicheza na timu ya askari iliyoundwa kwa wiki moja na kuvunjika kwa dakika arobaini. Mji mzima ulihamia mteremkoni Jumamosi. Wanawake waliuza mahindi ya kuchoma na ndizi, na Adèle, aliyekuwa akicheka magoti ya mumewe, alikuwa wa kwanza kumtukana mwamuzi. Ukivaa fulana ya gunia ulipita kwenye vizuizi vya barabarani bila kuulizwa jina. Kundi la wanaume wenye nguvu na wasio na kazi lilikuwa jeshi linalosubiri bunduki. Watu walewale wakiwa na fulana na siku ya mechi walikuwa timu. Maliro hakuwahi kulisema hivyo. Aliliona tu, na akahakikisha kwamba siku ya mechi haikosekani.

Wakati mgumu kuliko wote ulikuwa Juni 2003. Mapigano yalipanda hadi Lubero, watu wa Butembo wakafunga vifurushi, na makundi yakashuka milimani kukusanya wanaume. Kaka yake Zorobabel alikuja na bunduki mgongoni, akaketi nyumbani kwa mdogo wake siku mbili, akimwambia kwamba mwanaume anayekimbizana na mpira wakati huu ni mwanamke. Zorobabel alimjibu jibu moja. "Nitakuja kisha match." Jumamosi akacheza. Jumapili kaka akamwambia haya, twende. "Kuko ingine ya juma iko inakuja," alisema Zorobabel, na lilikuwa kweli, kwa sababu Maliro alikuwa ameipanga usiku wa Jumamosi kwa makusudi hayo. Kaka akachoka kungoja, akaenda peke yake. Majina kumi na tisa yaliitwa asubuhi na jioni wiki ile. Mama Paulin alikuja asubuhi na jioni.

Wakubwa wakapatana. Bunduki zikarudi nyuma, na mwezi wa tisa lori la kwanza likaingia kutoka Kirumba, limejaa maharagwe, na taa moja tu. Halikuleta sherehe. Lilikuwa moja, likashushwa na watu sita, na wiki iliyofuata yakaja mawili. Wengine walipata kazi depo, wengine hawakungoja. Walirudi Kirumba kufufua mashamba, walikwenda Mangina kutafuta kahawa, walianza kuuza mbuzi. Hakukuwa na siku moja ambayo mtu angesimama na kusema, leo barabara imefunguka. Ilifunguka kidogokidogo, kama jicho la mgonjwa.

Na Maliro, nisimfiche, alikuwa amesahau. Ahadi ile ya kilioni ilikuwa imelala chini ya mabao, nyimbo na makofi. Alikuwa na miaka arobaini na moja, na kwa mara ya kwanza maishani watu walikuwa wakimjua kwa jambo ambalo halikuwa la kubebea wengine mizigo. Aliupenda mchezo ule. Aliupenda mno. Basi Jumamosi walipokuja kumi na wanne alinyamaza. Walipokuja tisa aligomba. Walipokuja wanne alikaa juu ya jiwe lake hadi jua lilipokuwa kali, akashuka mteremko peke yake na mpira kwapani.

Asumani akatuma barua kwa lori. Beni imepata kombe la kushindania, fulana za kweli zimeletwa kutoka Kampala, watu wa mbali watakuja, Jumapili saa saba mchana. Mzee, niletee kumi na tano tu.

Ijumaa Maliro aliamka amekasirika na akakaza kasirani ile kama mshipi. Alianzia nyumba ya karibu. Alimkuta yule aliyekuwa mkimbiaji wao, Vagheni, juu ya paa lake mwenyewe, anapigilia bati. "Kapita! Panda uone!" Maliro akapanda amenuna, akashuka akiwa ameshika misumari mdomoni. Nyumba ya pili kulikuwa na mtoto mchanga wa siku tisa, wakamwekea mikononi kabla hajafungua kinywa. Nyumba ya tatu mwenyewe alikuwa shambani. Maliro akamfuata, akamkuta amejaa udongo hadi kiunoni, anachimba viazi, na akaondoka na kikapu. Depo aliwakuta sita chini ya magunia, wanatokwa jasho, na Mama Mariette mlangoni akiwaambia waongeze mwendo. Waliokuwa Kirumba na Mangina aliwapata kwa midomo ya wake zao: yule ametuma salamu Jumanne, yule anarudi kesho na kahawa, yule ameota kitambi. Kila mlango alikuja na maneno makali, kila mlango alipewa bugali na mboga ya sombe na akala, maana huwezi kumtukana mtu huku unatafuna chakula chake. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Zorobabel. Alikuwa amelala chini ya mgomba mchana kweupe, anakoroma, amechoka kwa kazi yake mwenyewe. Maliro alisimama kando yake. Hakumwamsha.

Watu wa michezo hupenda kusema klabu fulani ilikufa kwa kukosa hiki na kile. Magunia iliinuka kwa kukosa: ilikosa malori, ilikosa kazi, ilikosa usingizi. Zilipopatikana hizo, ni nani angekwenda kujikuna shingo kwenye mteremko? Shida ndiyo iliyowaita saa moja asubuhi, na shida ilipohama mji ilihama na saa yake. Lakini mwambie hivyo mtu aliyekwisha kuupenda mchezo. Maliro alishuka njia ya mtoni, tumbo limejaa, mikono imejaa viazi, na moyo ni mtupu kama uwanja wake.

Mama Paulin alikuwa ameketi mbele ya nyumba yake, anachambua maharagwe kwenye ungo. Maliro angependa kupita bila kuonekana, lakini mtu wa ukubwa ule hupita wapi?

"Kapita. Unatoka wapi na viazi?"

"Nilikuwa natafuta batu bangu, mama." Sauti yake ilikuwa na kasirani bado.

Mikono ya mama ikasimama. Hakuinua uso. "Umebakuta?"

"Nimebakuta bote," alisema Maliro kwa uchungu, kama anayeshtaki. "Kumi na tisa. Kila mumoja ku kazi yake. Nimekula kwa kila mumoja, mama, mpaka tumbo inauma, na hakuna hata mumoja mwenye..."

Hapo aliyasikia mwenyewe aliyoyasema. Mama Paulin alikuwa amekwisha kuinua uso, na machozi ambayo hakuyatoa siku ya kilio yalikuwa yanashuka bila haraka, yanadondokea maharagweni. Alikuwa akihesabu midomoni, bila sauti. Alipofika mwisho hakurudia.

"Wasingya, kapita," alisema kwa Kinande. Asante.

Viazi vikamtoka Maliro mikononi, vikasambaa njiani. Akaketi palepale chini, kwenye vumbi, mwanaume mzima mwenye shingo ile, akalia kwa furaha na kwa uchungu wa mchezo wake vyote pamoja, na mama yule akaweka ungo kando, akamletea maji ya kunywa.

Jumapili ile watu wa Beni waliwangoja Magunia mpaka saa tisa alasiri, halafu wakacheza wao kwa wao.